Nani Aliyeua? Tamthilia ya Upelelezi Mbele ya Watazamaji Wetu

1. Utangulizi

Makala hii inahusu jambo ambalo waalimu wa vyuo vya theolojia hawana desturi ya kulishughulikia, yaani tamthilia ya televisheni. Tena si tamthilia ya mafundisho, bali ya mauaji, wapelelezi na mahakama. Baadhi ya wasomaji watauliza kama jarida la chuo cha kanisa limekosa mambo ya kuandika. Jibu ni kwamba washarika wetu hawajifunzi maana ya haki kanisani peke yake. Wanajifunza katika baraza la kijiji, katika mkutano wa Sungusungu, katika kituo cha polisi, na siku hizi kwa wingi mbele ya kioo. Mchungaji asiyejua wanajifunza nini huko atashangaa siku ile watakapomletea matunda ya mafundisho hayo.

Hoja yangu ni moja, nami nitajaribu kuijenga hatua kwa hatua. Mtu anapotazama hadithi ya mauaji anahukumu kabla ya hakimu kuhukumu. Namna anavyohukumu akiwa ameketi bandani haiko mbali na namna atakavyohukumu siku jirani yake atakapofiwa na mtoto kwa ugonjwa usioeleweka. Katika nchi yetu hii, kuanzia Shinyanga na Kahama hata machimbo ya Geita, tofauti kati ya hukumu mbili hizo imepimwa kwa damu ya watu. Kwa hiyo si neno dogo kuuliza watazamaji wetu walisema nini walipoonyeshwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya upelelezi iliyotengenezwa na majirani zetu.

2. Tamthilia yenyewe

Tamthilia ninayoizungumzia ni Crime and Justice ya Kenya. Ilianza kuonyeshwa mwezi Februari 2021 katika huduma ya Showmax, ikiwa tamthilia ya kwanza ya Kenya kutengenezwa kwa ajili ya huduma hiyo, kwa ushirikiano na kampuni ya Kifaransa ya Canal+. Msimu wake wa kwanza ulikuwa na sehemu 8. Wapelelezi wawili wa Nairobi, Makena na Silas, wanaigizwa na Sarah Hassan, ambaye wengi walimfahamu tangu siku za Tahidi High, na Alfred Munyua. Watunzi walichota visa vyao katika mambo yaliyoitikisa Kenya magazetini, na kila sehemu ina kesi yake.

Mpango wa kila sehemu ni huu: nusu ya kwanza ni upelelezi, nusu ya pili ni mahakama. Anayeifahamu tamthilia ya Kimarekani ya Law & Order, iliyoanza mwaka 1990, atautambua mpango huo mara moja. Kuazima umbo si dhambi. Hata sisi wahubiri tumeazima namna ya kugawa hotuba katika vichwa vitatu, wala hakuna anayetuuliza tuliitoa wapi. Swali la haki ni kama umbo lililoazimwa linabeba mzigo wa watu wa hapa.

Yafaa kukumbuka kwamba kabla ya hapo televisheni ya Afrika Mashariki ililishughulikia kosa la jinai zaidi kwa kicheko. Vioja Mahakamani ya Kenya, tangu enzi za Sauti ya Kenya hata KBC, iliwafundisha watazamaji wengi jinsi mshtakiwa anavyosimama kizimbani, lakini mshtakiwa huyo alikuwa mtu wa kuchekesha. Inspekta Mwala wa Citizen naye alikuwa askari wa kuchekesha. Kicheko kina kazi yake, maana mnyonge humcheka mwenye nguvu asiyeweza kumshitaki. Lakini mtu hacheki mbele ya maiti. Crime and Justice iliweka maiti mbele ya mtazamaji na kumtaka asicheke, na kwa watazamaji wengi wa televisheni yetu hilo lilikuwa jambo jipya.

3. Mzee wa wapelelezi wote wa Kiswahili

Jipya katika televisheni, lakini si jipya katika maandishi. Msomaji wa Kiswahili alikwisha kukutana na mpelelezi zamani sana. Mwaka 1960 kilichapishwa kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, na humo akatokea Bwana Msa, mvuta kiko mwenye kutazama mambo ambayo wengine wameyapita. Baadaye wakaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Wanafunzi wengi waliovisoma vitabu hivi kwa siri chini ya madawati leo ni wachungaji.

Nawaomba wasomaji wamwangalie Bwana Msa kwa makini zaidi kuliko hao wenzake, kwa sababu anatuhusu sisi wa huku bara kuliko tunavyodhani. Katika hadithi ile mtu amekutwa amekufa penye mzimu, mahali pa matambiko. Watu wapo tayari kusema kwamba mzimu umeua. Bwana Msa hawatukani wazee wala hafanyi mzaha na mzimu. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani alinufaika, na nani amesema uongo. Mwishoni inaonekana kwamba aliyeua ni mwanadamu, tena kwa sababu za kibinadamu kabisa.

Huo ndio moyo wa hadithi ya upelelezi popote ilipo. Inakubali kwamba kifo kina sababu na kwamba sababu hiyo yaweza kutafutwa, lakini inakataa itafutwe kwa njia ya mkato. Ushahidi unadaiwa kabla ya jina kutajwa. Huku kwetu, ambako mara nyingi jina hutajwa kwanza na ushahidi kutafutwa baadaye kama utatafutwa, hadithi ya namna hii ni elimu kubwa.

4. Watazamaji wa Masumbwe

Masumbwe ni mji wa barabarani katika nchi ya Wasumbwa, kwenye njia itokayo Kahama kuelekea Ushirombo. Zamani ulikuwa mkoa wa Shinyanga, wilaya ya Bukombe. Tangu mwaka 2012 uko wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Wakazi wake ni wakulima, wafugaji, wafanya biashara, na vijana waliofuata dhahabu. Filamu hapa hutazamwa zaidi katika mabanda, kwa kiingilio kidogo, na zile za kigeni hutazamwa zikiwa zimetafsiriwa, yaani kuna sauti ya mtu inayosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kazi hii ilipata sifa nchini kwa watu kama Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake wengine waliipenda kuliko filamu yenyewe.

Lugha kubwa ya Crime and Justice ni Kiingereza, ingawa Kiswahili kinaingia humo kwa namna ya Nairobi. Kwa hiyo, sehemu ya kwanza ilipotazamwa hapa na kikundi kidogo cha washarika na vijana wa machimboni, ilibidi kijana mmoja asimame kando na kufasiri. Nitaeleza mambo matatu niliyoyaona na kuyasikia, kwa kuwa naamini mchungaji ye yote wa kanda hii angeweza kuyaona.

Jambo la kwanza lilihusu mfasiri. Hakufasiri tu, alihukumu. Mshukiwa wa kwanza alipoonekana, mfasiri aliwatangazia watu kwamba huyu ndiye, na kwamba macho yake yanaonyesha. Waigizaji walikuwa hawajasema neno lo lote la namna hiyo. Tangu hapo vijana walimtazama mshukiwa yule kama muuaji, na alipohojiwa walidai apigwe ili aseme kweli.

La pili lilitokea tamthilia ilipovuka kutoka upelelezi kuingia mahakamani. Baadhi ya vijana waliinuka wakatoka nje. Si kwamba walichoka. Kwao hadithi ilikuwa imekwisha. Mtu amekamatwa, ni nini tena? Nusu ya pili, ile ambayo watunzi waliiona kuwa na uzito sawa na ya kwanza, kwao ilikuwa maneno matupu ya watu wenye suti.

La tatu ni maneno ya wazee. Mzee mmoja aliuliza yule wakili anayemtetea mshtakiwa anapata faida gani, na kama haoni aibu kumsemea mtu wa namna hiyo. Mama mmoja, mjane, aliuliza jambo jingine kabisa: mbona hakuna anayelia? Aliona polisi wakifika kwa gari upesi, bila mtu kuulizwa mafuta, naye alitabasamu kwa hilo. Lakini hakuona matanga. Aliyekufa alikuwa amegeuka kuwa kazi ya watu wa ofisini.

Mambo matatu haya, yaani mfasiri anayehukumu, vijana wanaotoka mahakama inapoanza, na maswali ya wazee wawili, yana theolojia ndani yake. Tuyachukue moja baada ya jingine.

5. Jina linapotajwa kabla ya ushahidi

Kanda hii inajua maana ya sauti inayosema huyu ndiye. Kwa miaka mingi vikongwe wa Usukuma na majirani zake wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni, wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, umeyaharibu kwa muda wa maisha yote ya kuwapikia hao hao wanaowatuhumu. Tazameni jinsi neno la mfasiri wetu, kwamba macho ya mshukiwa yanaonyesha, lilivyotoka kinywani mwake bila yeye kulichagua. Hakulitoa katika tamthilia. Alilikuta katika nchi.

Baadaye, hasa kuanzia mwaka 2007, yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali machimboni na ziwani. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mteja na kuwaendea waganga katika eneo la Ziwa ili biashara hiyo ijulikane. Kwa kazi hiyo alitishwa hata ikambidi ajifiche. Mwezi Desemba mwaka huo huo mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino aliuawa wilayani Bukombe, wilaya ambayo Masumbwe ilikuwa ndani yake. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa mauaji hayo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchini kwa watu kutiwa hatiani katika kesi ya mauaji ya mwenye ualbino.

Hukumu ile ilipatikana kwa mashahidi, vielelezo na mawakili, yaani kwa nusu ile ya pili ambayo vijana wetu walitoka nje wasiitazame. Na kabla haijapatikana, nchi nzima ilikuwa imeonja jaribu la kuiruka. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akiwa na uchungu wa mauaji hayo, alitamka kwamba anayekutwa akiua mwenye ualbino naye auawe. Alipoulizwa juu ya maneno hayo Bungeni alitokwa na machozi. Silitaji hili kwa kumlaumu. Nalitaja kwa sababu machozi yale yalikuwa ya kweli, na uchungu ule ulikuwa wetu sote. Lakini njia iliyotamkwa ingetufikisha mahali pabaya. Anayeruhusiwa kumuua muuaji papo hapo hupewa pia ruhusa ya kuamua nani ni muuaji.

Torati ililiona hilo mapema. Inadai mashahidi wawili au watatu (Kum. 19:15), na inaamuru shahidi wa uongo apewe adhabu ile aliyotaka impate mwenzake. Hadithi ya Nabothi (1 Fal. 21) inaonyesha jinsi hata sharti hilo linavyoweza kuvunjwa, wakati mashahidi wawili wanaponunuliwa. Na katika hadithi ya Susana, ambayo Luther aliiweka miongoni mwa vitabu vinavyofaa kusomwa ingawa si sawa na Maandiko Matakatifu, kijana Danieli anawatenga wazee wawili, anamwuliza kila mmoja peke yake ilikuwa chini ya mti gani, na uongo wao unajitenga wenyewe. Akina Bwana Msa na Makena wote ni wajukuu wa Danieli huyo.

Sisi Walutheri tumeifundisha Amri ya Nane kana kwamba ni amri ya kuzuia umbea wa wanawake kisimani. Katika Katekisimo, Luther anatutaka si tu kuacha kusingizia, bali kumtetea jirani na kuyafasiri matendo yake kwa upande ulio mwema. Amri hiyo, ikihubiriwa vizuri Masumbwe, ingeokoa uhai wa vikongwe. Ni amri ya mahakama kwanza, na ya kisimani baadaye.

6. Baada ya kukamatwa

Hata hivyo tusiwadharau vijana waliotoka nje. Wana sababu zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na vyombo vya dola vikashindwa, wanakijiji wa Kahama na maeneo jirani ya Unyamwezi na Usukuma walijipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Ndivyo walivyoanza Sungusungu. Mtaalamu Ray Abrahams aliyewachunguza alionyesha kwamba hawakuwa wahuni. Walikuwa watu waliotaka usalama wasioupata kwingine. Mwalimu Nyerere aliwaona kuwa nguvu ya wananchi, na mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi rasmi. Wizi ulipungua mahali pengi. Lakini penye kasi ya haki ndipo pia palipokuwa na mateso ya washukiwa, na vikongwe waliotajwa kuwa wachawi hawakuwa na wa kuwasemea.

Kijana aliyekua katika historia hii anajua kwamba kukamatwa ndiyo hukumu. Mahakama kwake ni mahali mshtakiwa anapopotelea, kesi zinapoahirishwa, na mtu aliyekamatwa jana anapoonekana sokoni kesho. Tamthilia inapomwambia kwamba mahakama ni nusu ya haki, anasikia habari za nchi ya mbali. Na hapa hatuna budi kusema kwamba tamthilia yenyewe imemsaidia kukosea. Kesi inayofunguliwa na kufungwa ndani ya saa moja haimwandai mtu kwa kesi ya miaka minne. Inampa kiu ya hukumu ya upesi, kisha inamwita mstaarabu kwa sababu tu hukumu hiyo imetolewa na mtu mwenye joho. Mtazamaji akirudi katika maisha yake, ambako hakuna joho, kiu inabaki pale pale.

Swali la mzee juu ya wakili ni zito zaidi. Kwa nini mtu mwema amtetee mwovu? Sheria ya nchi ina jibu lake: kabla ya kuhukumiwa hakuna anayejua kwa hakika kwamba ni mwovu, na siku mtu mwema atakaposingiziwa atafurahi kuukuta utaratibu huo upo. Lakini mchungaji ana jibu la ndani zaidi, nalo nalishangaa kwamba hatulitumii. Agano Jipya linamwita Kristo mwombezi wetu kwa Baba (1 Yoh. 2:1), na neno la Kiyunani lililotumika hapo, ambalo katika Injili ya Yohana linatumika pia kwa Roho Mtakatifu, ni neno la mahakamani: yule anayeitwa asimame kando ya mshtakiwa. Kwa upande wa pili, kitabu cha Ufunuo kinamwita Ibilisi mshitaki wa ndugu, ashitakiye mchana na usiku (Ufu. 12:10). Anayemwonea haya wakili wa mshtakiwa angalie asije akaionea haya Injili. Sisi tunaohubiri kuhesabiwa haki kwa neema tumesimama kizimbani, tena tukiwa na hatia ya kweli, na tumepata mtetezi asiyeona aibu.

Sisemi kwamba neema ya Mungu inafuta kazi ya mahakama. Mtume anayewakataza Waroma kulipiza kisasi mwishoni mwa sura ya 12 ndiye anayesema katika sura ya 13 kwamba mtawala hauchukui upanga bure. Mafundisho yetu ya tawala mbili yanazitenga kazi hizo zisichanganywe. Lakini yanazitenga ili zote mbili zifanyike. Kisasi kinaondolewa mikononi mwangu kwa sababu kuna aliyepewa wajibu wa kuhukumu. Basi yeye asipoutimiza, ananirudishia kisasi mikononi. Kanisa linalowakataza watu kisasi bila kuidai mahakama ifanye kazi yake limehubiri sura moja na kuifunga Biblia.

7. Mbona hakuna anayelia?

Swali la mama mjane ndilo, kwa maoni yangu, tahakiki bora kuliko zote zilizotolewa siku ile. Udhaifu wa tamthilia za aina hii, si hii ya Kenya peke yake, ni kwamba marehemu ni mlango tu. Hadithi ikishaingia ndani, mlango unasahauliwa. Tunajua mengi juu ya mpelelezi, nyumba yake na uchovu wake. Juu ya aliyekufa tunajua yale tu yanayosaidia kumpata aliyeua.

Biblia haifanyi hivyo. Damu ya Habili inalia kutoka ardhini (Mwa. 4:10) kabla ya Kaini kuhukumiwa. Na katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21 kuna agizo ambalo hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angelitia katika kazi yake. Maiti imeonekana kondeni, wala muuaji hajulikani. Wazee wanatoka na kupima umbali hata miji iliyo karibu; mji ulio karibu zaidi unachukua wajibu, na wazee wake wanaosha mikono na kuomba damu isiyo na hatia isihesabiwe juu ya watu. Hapo hakuna ufumbuzi. Hakuna aliyekamatwa. Lakini pia hakuna aliyetajwa kwa kubahatisha, na maiti haikuachwa kuwa ya mtu asiyehusika. Wafu wangapi wa machimboni, vijana waliotoka mikoa ya mbali, wamezikwa bila mji wo wote kupima umbali?

Agizo hilo linatufundisha jambo ambalo hadithi ya upelelezi haiwezi kulifundisha: jinsi ya kuishi na kifo ambacho hakijapata jibu. Mganga anapata wateja kwa sababu anatoa jibu kila mara. Tamthilia nayo inatoa jibu kila mara. Kanisa peke yake, likiwa aminifu, laweza kusema mbele ya jeneza kwamba hatujui, na tusubiri, na tulie pamoja, wala asitajwe mtu.

8. Nathani na mtazamaji wa kwanza

Mtazamaji wa kwanza wa hadithi ya jinai katika Maandiko ni Mfalme Daudi. Nathani alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja (2 Sam. 12). Daudi aliwaka hasira, akahukumu kifo papo hapo. Tuangalie vizuri: hasira yake ilikuwa ya haki, na hukumu yake ilizidi kosa lililosimuliwa. Alikuwa na bidii ya haki kama vijana wetu bandani. Ndipo nabii akamgeuzia hadithi, Daudi akajikuta yumo ndani yake.

Tofauti kati ya Nathani na mfasiri wetu iko hapo. Mfasiri alielekeza kidole kwenye kioo. Nathani alikielekeza kwa msikilizaji. Na mhubiri, kila Jumapili, anasimama mahali pale pale aliposimama yule kijana: kando ya hadithi ambayo wengi hawawezi kuisoma katika lugha yake ya asili, akiwa na uwezo wa kuongeza neno. Naye akitaka kushangiliwa, ataelekeza kidole nje. Washangiliaji hawakosekani kamwe pale mhubiri anapowataja wachawi wa kijiji.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache. Wanafunzi wetu wazitazame tamthilia hizi pamoja na watu, si peke yao, kisha wanyamaze na kusikiliza kinachosemwa. Wachungaji wanaoweza kupata chombo cha kuonyeshea wasiogope kuzileta sehemu kama hizi katika vikundi vya vijana, mradi wakae hadi mwisho wa nusu ya pili, na waulize maswali matatu: ni nani aliyetajwa kabla ya ushahidi, ni nani aliyemtetea, na ni nani aliyelia. Katika mazishi ya kifo cha ghafla, mchungaji afike mapema, kabla ya mganga kuulizwa, kwa maana jina likishatajwa hata askofu hawezi kulirudisha.

9. Hitimisho

Crime and Justice si kazi kamilifu. Ina haraka, ina masikio ya mjini, na inawasahau waliofiwa. Lakini imefanya jambo jema kwa kukataa kuifunga hadithi pale pingu zinapofungwa. Ilipata msimu wa pili, na kazi za aina yake zimezidi kutengenezwa Nairobi na kwingineko. Vijana wa Masumbwe watazitazama tupende tusipende. Kazi yetu si kuwazuia. Kazi yetu ni kuwafanya wabaki wameketi mshtakiwa anapopandishwa kizimbani, na wakili wake anaposimama kusema.